Wiki ya Kuipima "Panga Elfu: Baraza la Vita"

Jumatatu, 6 Novemba

Mkutano wa asubuhi. Mkuu Bessho, mhariri wetu, alinitaja kwa jina mbele ya watu wote. Sikupenda.

Gazeti letu la michezo ya video hutoa alama kila wiki. Wakadiriaji wanne, kila mmoja na alama yake kati ya kumi, na juu ya alama uso wake uliochorwa kwa katuni. Mimi ni uso wa tatu kutoka kushoto. Nyusi nene. Mama yangu kule Ehime hununua gazeti kila Alhamisi, haelewi hata mstari mmoja, anaukata uso wangu kwa mkasi na kwenda kumwonyesha daktari wake wa meno, ambaye huubandika ukutani. Huo uso ndio kitu pekee nilichofanya Tokyo ambacho mama anaweza kukishika mkononi.

Sasa Mkuu anasema wasomaji wananilalamikia. Mwezi uliopita niliupa mchezo wa kuvua samaki alama kumi. Wenzangu waliupa nne. (Nilikuwa na homa. Samaki walionekana wazuri mno.) Kabla ya hapo niliupa alama tatu mchezo wa udereva wa treni, wenzangu wote wakaupa nane. Mkuu alisema hana ugomvi na mtu mwenye maoni yake, ila ukurasa wenye mtu mmoja anayepiga kelele peke yake pembeni unamuumiza tumbo. Nikitofautiana tena na wenzangu kwa zaidi ya alama mbili, kiti changu anapewa Iwabuchi.

Iwabuchi! Wa kitengo cha vitabu vya mwongozo! Alikuwa amekaa nyuma kabisa. Aliposikia jina lake aliinama mpaka paji la uso likagusa meza, akasema hastahili. Mtu asiyestahili havai tai mpya siku ya Jumatatu.

Kisha tukagawiwa diski. Mchezo wa wiki hii ni "Panga Elfu: Baraza la Vita". Moyo ukatulia kidogo. Mfululizo wa Panga Elfu naujua nje ndani. Wewe ni jemadari mmoja, mbele yako jeshi zima, unabonyeza kitufe kilekile na maadui wanaruka hewani kama pumba. Hakuna kufikiri. Ndiyo raha yake.

Halafu nikasoma nyuma ya kasha. Hili ni tawi jipya. Safari hii wewe ni mtawala wa jimbo. Unagawa mchele. Unafunga mikataba na majirani. Kila msimu unaita baraza, majemadari wanatoa ushauri, unaamua. Kukata watu kunakuja mwisho, kama kuna haja. Mkakati, kwa neno moja. Neno hilo huniletea usingizi.

Alama zinapelekwa kwa Mkuu Ijumaa adhuhuri, kila mtu na yake, na ni mwiko kuulizana.

Mpango ninao tayari. Kujitenga maana yake ni kuwa tofauti na wenzako. Basi wenzako wakiwa kama wewe, utajitengaje? Dawa ni kuwajaza maneno mapema, kabla hawajaifungua diski.

Nilianza na Mzee Ogata kwenye kibaraza cha kuvutia sigara. Nikamwambia huu mchezo ni kazi ya maana kweli, nimechungulia kidogo, sioni nitakavyokwenda chini ya tisa. (Sikuwa nimechungulia chochote.) Mzee Ogata akasema, "Kumbe." Shiota nilimkuta duka la wali wa mchuzi wa kari. Nikamwambia vilevile, nikaongeza kwamba karibu machozi yanitoke. Akasema, "Kumbe," huku anatafuna. Bi Nagamine nilimkamata mlangoni mwa lifti. Huyu ana akili kali, nikaona nisizidishe. Nikasema tu, kwa sauti ya chini, kwamba nimesubiri mchezo kama huu tangu nianze kazi. Aliniangalia. Lifti ikafika.

Nimemaliza. Mbegu imo ardhini. Kesho nitaucheza.


Jumanne, 7 Novemba

Nimekaa nyumbani na diski tangu asubuhi. Siku ya maafa.

Nilichagua jimbo dogo la kaskazini. Baraza la kwanza likaitwa. Majemadari wamepiga magoti safu mbili, kila mmoja anataka kusema neno. Nikagundua kuna kitufe cha kuliruka baraza. Nikaliruka. Nikaenda vitani. Nikashinda kwa kishindo! Nikaliruka la pili, nikashinda tena. Nikajisemea, mkakati ndio huu? Mbona mwepesi?

Ilipofika vuli, ghala lilikuwa tupu. Hakuna aliyelima. Wakulima wote nilikuwa nimewapa mikuki. Kisha majemadari wakaanza kuondoka. Hawaondoki kimyakimya. Kila mmoja anakuja mbele yako, anainama, anatoa shairi fupi kuhusu majani yanayodondoka, anakwenda kumtumikia jirani. Mmoja aliondoka na farasi niliyempa mimi. Nikabaki na mzee mmoja, Jemadari Saigusa, ambaye sijawahi kumpa hata kipande cha shamba, na kasri lenye ukuta uliobomoka. Majirani wakaja kutoka pande zote. Kwisha.

Nikaanza upya. Kwisha tena, na mapema zaidi.

Mke wangu Fumie alirudi kutoka kazini, akaweka miguu chini ya kotatsu, meza yetu fupi yenye blanketi na joto chini yake, akamenya chungwa na kunitazama nikifa kwa mara nyingine. Aliuliza kwa nini siwasikilizi wale wazee kwenye baraza, maana wanaonekana wana jambo la kusema. Nikamwambia, huu ni mchezo wa panga. Akasema yeye anaona mchezo wa mchele.

Nina wasiwasi sasa. Mimi ndiye mjuzi wa Panga Elfu kuliko wote pale ofisini, na nimeuona mgumu na wa kuchosha. Wenzangu je? Shiota hawezi kusubiri hata chai ipoe, atavumilia vipi msimu mzima wa kupanda mpunga? Watauchukia. Watatoa nne. Watatoa tatu! Na mimi nimezunguka ofisi nzima nikitangaza tisa kama mnadi wa samaki.

Lazima nijue wamefikia wapi.


Jumatano, 8 Novemba

Kuulizana ni mwiko, lakini kuzungukazunguka si kuulizana.

Nilimfuata Mzee Ogata kibarazani. Kwanza tukaongea habari za baridi. Kisha habari za magoti yake. Kisha nikasema, kama mtu asiyejali, kwamba mchezo wa wiki hii una mambo mengi, sivyo? Mzee Ogata akavuta hewa kwa meno, pumzi ndefu mpaka nikadhani amepaliwa, akasema, "Una ladha yake."

Wanaomjua Mzee Ogata wanajua maana ya hayo. Kitu anachokipenda hula bila kusema. Kikiwa na "ladha yake", ujue hakigusi tena.

Shiota alikuwa na sahani ya kari mbele yake na nusu ya wali haijaguswa. Sijawahi kuona jambo kama hilo. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, ila huu mchezo ni mzito, ndugu yangu, ni mzito. Halafu kama aliyekumbuka kitu akanitazama kwa huruma na kusema, "Lakini wewe umeupenda, eh? Umeupenda sana." Nikasema sana. Akatikisa kichwa na kusukuma sahani kando.

Bi Nagamine ndiye aliyenitisha. Nilikuwa bado nazunguka, nimefika kwenye habari za baridi, akanikata. Aliniuliza kama yale niliyosema Jumatatu niliyasema kwa moyo wangu. Ningesemaje? Ningesema nilikuwa nawatilia maneno mdomoni? Nikasema kwa moyo wangu wote. Akanitazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akasema, "Haya. Nimekuelewa, Bwana Kusakabe." Amenielewa nini?

Halafu Iwabuchi. Nilikuwa kwenye mashine ya kunakili, akaja na vikombe viwili vya chai. Akanipa kimoja kwa mikono miwili. Akasema anaomba radhi kwa kujiingiza, lakini jana akiwa nyuma ya kabati aliwasikia wale watatu wakizungumza. Wote wameshafika tano. Vita ni vilevile, ramani ni zilezile za zamani zimepakwa rangi, na hilo baraza linachosha. Tano, tano, tano. Akasema, "Nimeona ujue mapema, isije ikakukuta ghafla." Akainama, akaondoka.

Chai sikuinywa.

Kwa nini ameniambia? Mtu anayekitaka kiti changu ananiambia ninavyoweza kukiokoa? Ama ana roho nzuri, jambo ambalo silikubali, ama ananichimbia shimo. Lakini nikiliweka neno lake kando ya ladha ya Mzee Ogata na wali wa Shiota, linakaa vizuri mno. Ni tano. Nina hakika ni tano.


Alhamisi, 9 Novemba

Jambo la ajabu limenipata na sijui niliweke wapi.

Asubuhi nilijifungia kwenye chumba cha kuchezea, hapa ofisini. Nia yangu ilikuwa kutafuta kasoro za kutosha kuitetea tano yangu. Nikaanza upya kabisa, na kwa kuwa kasoro kubwa inasemekana ni baraza, safari hii sikuliruka. Nikakaa, nikawasikiliza.

Jemadari mmoja akasema tujenge bwawa. Nikajenga bwawa. Mwingine akasema tumpe jirani wa mashariki chumvi kabla hajaiomba. Nikampa. Vuli ikafika, ghala limejaa mpaka mlangoni, na watu wangu kwenye kijiji cha chini wanacheza ngoma. Nikajikuta natabasamu peke yangu kama mwehu. Kisha vita vikaja, na nilipoinua upanga nilikuwa najua kila mtu aliye nyuma yangu anaitwa nani na shamba lake liko wapi. Nilipokata, nilikata kwa ajili yao. Raha hiyo Panga Elfu ya zamani haijawahi kunipa.

Baadaye nikavamiwa na majirani wawili kwa pamoja. Nikapoteza bonde. Nikabaki na kasri la mwisho, na Saigusa. Ni yuleyule mzee, na safari hii pia nilikuwa nimemsahau kumpa shamba. Nikamwita, nikampa ruhusa ya kuondoka, maana mchezo unakuruhusu kufanya hivyo. Akainama na kusema hana shairi, kwa hiyo itambidi abaki.

Nililia. Shiota alifungua mlango kutafuta chaja yake akanikuta, nikamwambia ni lenzi ya jicho. Mimi sivai lenzi.

Ni mchezo mzuri. Ramani ni za zamani, kweli. Vita vinajirudia, kweli. Lakini waliouunda walijua wanachokifanya. Mimi, Kusakabe, ningeupa tisa. Tisa ya kweli, siyo ile ya Jumatatu.

Halafu njaa ikanitoa chumbani. Nyuma ya ofisi kuna kibanda cha oden, vile vipande vya mboga na samaki vinavyochemshwa polepole kwenye mchuzi, na mvuke wake ukiuona tu miguu inakwenda yenyewe. Nikafunua pazia. Walikuwa wamekaa wote watatu, Ogata, Shiota na Nagamine, vichwa vimekutana juu ya sufuria. Bi Nagamine alikuwa anaongea kwa haraka na kwa sauti ya chini, wenzake wanaitikia. Nilimsikia akisema, "Basi tumekubaliana, asijue." Akaniona. Wakanyamaza. Mwenye kibanda naye akanyamaza, na yeye hata hahusiki!

Nikakaa. Mzee Ogata akachukua kipande chake cha figili, kile kikubwa kilicholala kwenye mchuzi tangu asubuhi mpaka kimegeuka rangi ya asali, akakiweka kwenye sahani yangu. Mzee Ogata hajawahi kumpa mtu figili yake. Shiota akanipa haradali bila kuombwa. Bi Nagamine akanitazama na kutazama pembeni.

Nilikila. Kilikuwa kitamu. Hivyo ndivyo mtu anavyolishwa kabla ya kupelekwa kuuawa. Wamepanga kuniacha peke yangu kwenye tisa yangu, na wana aibu, lakini si ya kutosha kuwazuia.

Haya. Nao hawajui kwamba najua.

Nimeandika maelezo yangu ya alama tano. Yametoka makali kuliko nilivyokusudia. "Ni tawi lililosahau mti wake. Upanga umewekwa alani na mchezaji anapewa kijiko cha kupimia mchele." Pia nimepata kasoro moja ambayo najivunia, maana hakuna atakayeiona. Ni hivi: ukishamwonyesha jemadari unataka nini, basi baraza lijalo atakushauri kitu hichohicho, hata kama yeye mwenyewe hakiamini, ili mradi anakupenda. Nimeandika: "Si halisi. Hakuna watu wanaoishi namna hiyo."

Alama sikuipeleka leo. Nimeiacha kwenye kompyuta. Namba tano inanitazama.


Ijumaa, 10 Novemba

Naandika kwenye treni. Nimesimama, kalamu inarukaruka. Lazima niandike sasa hivi la sivyo nitajidanganya kuhusu yaliyotokea.

Asubuhi yote nilikaa na maelezo yale. Mara mbili nilifuta tano nikaandika tisa. Nilimfikiria Saigusa. Nikamfikiria mama na mkasi wake. Tisa ni ukweli, na ukweli utanitoa pale ukutani kwa daktari wa meno. Nikaandika tano. Nikaandika saba, nikaona saba ni woga. (Saba! Naandika neno hilo na meno yanauma.) Adhuhuri ilipokaribia Iwabuchi alipita nyuma ya kiti changu akaniuliza kwa upole kama nahitaji chai. Nikabonyeza. Tano imekwenda.

Mchana tuliitwa kwenye chumba cha mkutano. Mkuu Bessho anasoma alama kwa sauti, ndio utaratibu.

"Ogata. Tisa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mkuu akaendelea kusoma: Mzee Ogata anasema ni mchezo wa subira, kila msimu unakulipa. Nikamtazama Mzee Ogata. Yeye alikuwa anatazama dari.

"Shiota. Tisa." Shiota jasho lilikuwa linamtoka. Aliandika kwamba kupanda mpunga kunasisimua kuliko anavyoweza kueleza, na kweli hakuweza kueleza, maana maelezo yaliishia hapo.

"Nagamine. Tisa."

Nikataka kusimama na kusema nimekosea kuandika, kidole kimeteleza. Lakini kidole hakiwezi kuteleza maneno yote yale kuhusu kijiko cha mchele.

"Kusakabe," Mkuu akasema. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma. "Tano."

Bi Nagamine alinigeukia taratibu na uso ambao sitausahau. Haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu aliyekushikia ngazi, umepanda salama hadi juu, halafu anakuona unaruka.

Mkuu akasoma maelezo yangu yote, mpaka ile kasoro ya majemadari. "Si halisi. Hakuna watu wanaoishi namna hiyo." Mzee Ogata akakohoa.

Kisha Mkuu akaniuliza kitu kimoja tu. Aliniuliza kama hii ndiyo alama yangu ya dhati.

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi! Ningesema hapana. Ningesema Mkuu, naupenda huu mchezo kuliko wenzangu hawa, ningeupa tisa mara mbili. Lakini ningesema hivyo, ningekuwa mtu aliyeandika uongo. Wote walikuwa wananitazama. Nikanyoosha mgongo nikasema ndiyo Mkuu, ya dhati kabisa.

Mkuu akashusha pumzi. Akasema miaka yote aliyokaa kwenye kiti hiki hajaona mtu mwenye msimamo hivi, anayejua anachopoteza na bado hasogei. Akasema ananiheshimu. Akasema anasikitika pia, maana alitoa neno lake Jumatatu mbele ya watu, na neno la mbele ya watu halirudi. Kisha akamwambia Iwabuchi ahamishe vitu vyake Jumatatu.

Iwabuchi aliinama. Nilipoinama nami, vichwa vyetu viligongana.

Bi Nagamine alinisubiri kwenye ngazi, Shiota nyuma yake. Aliongea polepole, kama kwa mgonjwa. Jumanne wote walikuwa tano, ndiyo. Lakini walikumbuka nilivyowajia Jumatatu, macho yanang'aa, nikisema nimesubiri mchezo huu tangu nianze kazi. Wakajua nitatoa tisa, nitabaki peke yangu, nitapoteza kiti. Ndipo alipowazungukia wenzake, mmoja mmoja, na Alhamisi pale kwenye oden wakamaliza: wahamie wote kwenye tisa, wakae na mimi. Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia. Alishangaa. "Tungekwambia, ungelazimika kutushukuru maisha yako yote. Nani anamfanyia mwenzake hivyo?"

Shiota akasema aliucheza upya siku nzima kutafuta hiyo tisa. Alifika sita. Zilizobaki alinichangia.

Halafu Bi Nagamine akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo Jumatatu ulikuwa unatudanganya?" Nilitaka kumwambia kwamba Jumatatu nilidanganya, Alhamisi ikawa kweli, na Ijumaa nikadanganya tena upande wa pili. Sentensi haikunyooka. Nikainama tu, nikabaki nimeinama mpaka nikasikia viatu vyao vikishuka.

Nina aibu. Naandika hivyo na simfichi mtu. Nina aibu mpaka masikio yanawaka.


Alhamisi, 16 Novemba

Wiki ya kwanza kwenye kitengo cha vitabu vya mwongozo. Hakuna dirisha. Kazi yangu ya kwanza: mwongozo wa "Panga Elfu: Baraza la Vita". Nilipoambiwa niliangalia kama kuna mtu anacheka. Hakuna. Huku hawajui kucheka.

Ukurasa wa alama umetoka leo, wa mwisho wenye uso wangu. Mama alipiga simu, ameshaukata, anakwenda kwa daktari kesho. Nikamwambia kuanzia wiki ijayo mchoraji atakuwa likizo. Aliuliza likizo ndefu? Nikasema kidogo. Itabidi nifikirie jambo la kumwambia baadaye. Labda mchoraji ameumia mkono.

Nimekaa siku nyingi nikitafuta kosa langu lilikuwa wapi, na sasa nimelipata. Lilikuwa ni muda. Niliuliza Jumatano! Watu hubadilika kati ya Jumatano na Ijumaa. Ningepita tena Ijumaa asubuhi, nikazunguka kidogo habari za baridi, leo ningekuwa na kiti changu. Kosa dogo tu la ratiba. Halitarudiwa. Inasemekana Mzee Ogata anafikiria kustaafu majira ya kuchipua, na nimeanza kusalimiana na kila mtu kwenye ghorofa ile, hata wale wa matangazo, kujua wanaelekea wapi.

Niliporudi nyumbani jioni nilimkuta Fumie chini ya kotatsu na mchezo wangu. Amekuwa akicheza tangu nilipouacha. Jimbo lake limefika baharini. Ghala zimejaa, majemadari wote wapo, na Saigusa amempa shamba kubwa lenye chemchemi. Nilisimama nikalitazama shamba hilo kwa muda.

Akaniuliza, bila kugeuka, mwishowe niliupa ngapi. Gazeti lilikuwa kwenye mkoba wangu. Sijamwambia kitu, anadhani nimehamishwa kwa sababu nasifika kwa kuandika. Nikamwambia aseme kwanza yeye, angeupa ngapi.

Fumie alifikiri. Akasema tisa.

Nilifurahi kupita kiasi. Nikamwambia na mimi tisa, tisa kabisa, na nilikuwa nasema kweli, kwa mara ya kwanza kwa sauti, na mtu ananisikia. Nikaketi karibu naye. Nikajisikia mwepesi.

Akamenya chungwa, akanipa nusu. Kisha akasema kwamba kwa kweli yeye angetoa saba, ramani zinajirudia mno, alisema tisa kwa sababu aliona ninavyoupenda.

Nikatafuna chungwa. Nikamwambia hata mimi, nikifikiria vizuri, ni saba.